Wajibu wa mnufaika una tarakimu, haki yake haina

Mnufaika wa mkopo wa elimu ya juu Tanzania, tuseme mwalimu au nesi aliyesoma kwa mkopo wa serikali, akiangalia karatasi yake ya mshahara mwisho wa mwezi, hukuta mstari anaoujua kwa moyo: Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Mstari huo umezaa ubishi usiokwisha. Wapo wanaosema dawa ya deni kulipa, basi. Wapo wanaosema wanakamuliwa. Halafu kuna lile jina la "mdaiwa sugu", ambalo hubandikwa kwa wepesi mno kwa aliyekimbia deni na kwa asiye na kazi vilevile.

Wanaotetea makato wana hoja nzito. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, na tangu mwanzo ilichokitoa kiliitwa mkopo, si zawadi. Fedha inayorejeshwa leo ndiyo inayochangia ada na bumu, yaani fedha ya kujikimu, la kijana anayeripoti chuoni muhula ujao. Mtu aliyepata digrii kwa njia hiyo, akapata kazi nzuri, kisha akanyamaza, anamziba mdogo wake njia. Hilo halina mjadala, na sijawahi kusikia mnufaika mwenye akili timamu akilipinga.

Tatizo langu liko kwenye mizani. Chukua majukumu ya mnufaika uyapange mezani: kila moja lina tarehe au tarakimu. Ataanza kurejesha miezi 24 baada ya kuhitimu. Akiajiriwa, asilimia 15. Akijiajiri, asilimia 10 ya kipato chake kinachotozwa kodi, na isipungue shilingi 100,000 kwa mwezi. Mwajiri wake naye amepewa siku 15 baada ya mwezi kwisha awe amewasilisha makato.

Sasa zipange haki zake. Ana haki ya kupangiwa mkopo kwa kadiri ya uhitaji wake, ana dirisha la rufaa asiporidhika, ana haki ya kulipwa fedha ya kujikimu kwa wakati. Kwa wakati upi? Bumu likichelewa wiki tatu, mwanafunzi ndiye anayefungua daftari la madeni kwa mama ntilie na kumpigia simu mwenye chumba kuomba avumiliwe. Deni lake kwa bodi halipungui hata shilingi kwa usumbufu huo. Ila aliyechelewa kurejesha alikuwa akipigwa adhabu ya asilimia 10, mpaka ilipofutwa mwaka 2021. Kuchelewa kwa mmoja kulikuwa na bei, kuchelewa kwa mwingine hakukuwa nayo.

Na hata tarakimu zilizoandikwa hazikusimama mahali pamoja. Makato yalikuwa asilimia 8 hadi sheria iliporekebishwa mwaka 2016 yakafika 15. Waliokopa enzi za 8 nao wakajikuta ndani ya 15. Anayesema "ulisaini mwenyewe" angeanza kwa kuuliza walisaini kipi.

Hapa lazima niwe mkweli kuhusu hesabu, maana haiuungi mkono upande wangu moja kwa moja. Tuseme mtu anadaiwa milioni 10 na mshahara wake wa msingi ni 700,000. Wakati ule kulikuwa na tozo ya kutunza thamani ya fedha, asilimia 6 ya deni kwa mwaka: 600,000, sawa na 50,000 kwa mwezi. Kwa makato ya asilimia 8 angetoa 56,000, na kilichogusa deni lenyewe mwanzoni kingekuwa 6,000. Angestaafu bado anadaiwa. Kwa asilimia 15 anatoa 105,000, na angalau 55,000 zinakula deni. Kwa hiyo aliyepandisha kiwango alikuwa na sababu, ingawa sababu yenyewe ilitokana na tozo. Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuifuta tozo hiyo Mei Mosi ya mwaka 2021, kule Mwanza, na leo mtu yuleyule anamaliza kwa miaka 8 hivi. Angerudishwa kwenye asilimia 8, ingemchukua karibu miaka 15. Wengi wangechagua kumaliza mapema, nami pengine ningekuwa mmoja wao.

Ila mshahara wa 700,000 una nafasi ya kupumua. Shuka hadi 400,000, mshahara wa kawaida tu kwa kijana anayeanza kwenye shule au duka la dawa la mtu binafsi. Kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara, PAYE, haigusi shilingi 270,000 za kwanza, na kinachozidi hapo hadi 520,000 hutozwa asilimia 8. Hata usipoondoa mchango wake wa pensheni, kodi yake ni 10,400. Makato ya mkopo ni 60,000. Anailipa bodi karibu mara sita ya anacholipa kodi! Panda sasa hadi kwa meneja wa milioni 3. Kodi yake inafika 728,000 na makato ya mkopo ni 450,000. Kwake yeye, bodi inachukua kidogo kuliko kodi. Nimeirudia hesabu hii mara tatu nikidhani nimekosea mahali.

Serikali ileile, mwezi uleule, mshahara uleule: kwenye kodi inaona kwamba mwenye 400,000 na mwenye milioni 3 hawabebi mzigo mmoja, kwenye mkopo haioni. Sisemi wa 400,000 asilipe. Alipe 25,000, achukue miaka mingi zaidi, na akipandishwa cheo makato yapande naye. Kwa kuwa tozo haipo tena, deni lake halitavimba kwa kuchelewa. Watasema mfumo wa namna hiyo ni mgumu kuendesha. Mhasibu anayeandaa mishahara hiyo tayari ana jedwali la ngazi za PAYE kwenye kompyuta yake, na hulitumia kila mwezi kwa mtu huyohuyo, mstari mmoja juu ya ule wa bodi.