Mtoto hatulii, karatasi inatulia

Fundi wetu hapa Busia ya Uganda, yule mzee wa barazani mwenye cherehani ya miguu, anakata nguo kwa macho. Anakuangalia tu unavyovuka barabara, ukimfikia tepu anaishika kwa heshima tu lakini ashajua. Gomesi, kanzu, suruali za yunifomu, zote zinatoka sawa na sina neno. Ila nguo ya mtoto wa miaka miwili hapo ndo tunakosana, mimi nasema hawa wadogo wakatiwe kwa paterni, yaani vipande vya nguo vilivyochorwa kwenye karatasi kwa saizi, unavilaza juu ya kitambaa unakata, yeye anasema hayo makaratasi ni ya watu wasiojua kazi.

Haya, jaribu wewe kumpima. Binti yangu nikimzungushia tepu kifuani anacheka anadhani ni mchezo, nikishuka kiunoni anakaa chini, nikifika begani ashakimbia na tepu yenyewe. Halafu mtoto sio mtu mzima aliyepunguzwa. Kiuno hana, tumbo linatangulia, mabega ni membamba, na kichwa, banange, kichwa! Wangu kichwa kina sentimita 48 kuzunguka na kifua ni 52, yaani karibu vinalingana. Sasa umkatie shingo ndogo ya kupendeza kwa kitenge ambacho hakivutiki hata kidogo, itapita wapi? Idi iliyopita gauni liligoma masikioni, mtoto analia, mimi navuta, bibi yake anapiga kelele muache utamng'oa masikio, mwisho tukatoka na mtoto kavaa kigauni cha mivumba, hii mitumba.

Na hicho cha mivumba kilipita kichwani bila maneno. Nililifikiria sana hilo. Agosti 2023 Rais Museveni akiwa Mbale alitangaza kwamba mivumba ipigwe marufuku, tuvae vya kwetu, na mimi sina ubishi, pamba tunalima nchi hii tangu 1903. Lakini watu wakibishana habari ya mivumba wanazungumzia kitambaa na bei tu. Mimi nikigeuza kigauni kile ndani nje naona kazi ya karatasi: mtu alikaa akapanga shingo ya mwaka mmoja, ya miwili, ya mitatu, akajua kichwa kitapita, akaacha mpasuo mgongoni na kifungo kimoja. Hiyo kazi ya kupanga saizi kwenye karatasi na kuziuza ilianza kuwa biashara Marekani mwaka 1863 na Ebenezer Butterick, na yeye alikuwa fundi nguo tu kama mzee wetu. Kwa hiyo hoja ya karatasi ni za wasiojua kazi siikubali.

Sasa nisijifanye mjuzi, gauni langu la kwanza la paterni niliharibu. Nilipakua ile ya bure kwa intaneti, nikaenda kuchapisha, kurasa 14 kwa shilingi 500 kila moja, nikaziunganisha na selotepu usiku kucha. Kwa ukurasa wa kwanza kuna kale kamraba kadogo, mimi nikadhani ni urembo. Kumbe ndo cha kupima! Kilitakiwa kiwe inchi 2, yaani sentimita 5 na kidogo, changu kilikuwa 4.8. Karatasi ya Marekani ni pana kidogo kuliko A4 yetu, na kompyuta ya pale dukani ilikuwa imewekwa ipunguze kila kitu kitoshee na pembeni pabaki peupe. Unaona ni kitu kidogo, lakini gauni lililotakiwa kuzunguka kifua kwa sentimita 58 linatoka 55 hata haijafika, na mtoto akila posho na maharage mshono unalia. Kwa hiyo mwambie wa kuchapisha aweke asilimia 100, na usilipe kabla hujaweka rula kwenye ule mraba.

Kingine, saizi usiifuate kwa umri. Kule Marekani wanaandika 2T, 3T, yaani mtoto wa miaka miwili, mitatu, wewe angalia kifua cha mtoto wako kwenye jedwali ndo uchague, urefu utaongeza mwenyewe, kuna mstari umechorwa kabisa unakata hapo unatanua karatasi. Wangu ni mrefu, niliongeza sentimita 4 na pindo nikaacha pana, 6 hivi, nitalifungua akikua. Halafu soma kama nafasi ya mshono imo ndani ya karatasi au unaongeza wewe, zingine hazina, na ukikosea hapo hata mraba hautakuokoa.

Kitenge ukifue kwanza, ukikaushe, upige pasi. Najua inauma kukifua kitu kipya kinang'aa vile lakini kitapungua tu, afadhali kipungue kabla ya mkasi. Na angalia maua au ndege wameelekea wapi, wangu upande wa nyuma wanaruka kichwa chini, na hakuna aliyeniambia mpaka tumefika msikitini.

Kushona kwenyewe hakuna maajabu, mabega, marinda kiunoni, pembeni, pindo. Shida ni shingo. Ukanda wa kumalizia ukingo wa shingo ukate mshazari, yaani kitambaa umekilaza pembe, sio wa kunyooka, ule wa mshazari ndo unazunguka bila kukunjana.

La pili lilikaa vizuri. Nilimpelekea mzee barazani, akalipindua, akapitisha kidole kwenye shingo, akauliza, "Mama, hii umekata na nini?" Nikamwambia karatasi. Akaguna, akarudi kwenye kanzu yake. Jioni akamtuma mjukuu wake eti mzee anaomba lile karatasi la mtoto, alione tu. Ni wiki ya tatu sasa halijarudi.