Stroberi si embe boribo

Jamani mie nimekulia Wete juu ya miembe, embe boribo nikilinusa kikonyoni tu nakwambia hili la leo hili la keshokutwa, na doriani ndo usiseme, najua limeiva kabla sijashuka kwenye daladala. Sasa juzi mama watoto kanituma Darajani nikachukue stroberi, binti yake kaona keki kwenye simu.

Khaa! Zimefungiwa kwenye kiboksi cha plastiki kama dawa, hubonyezi, hunusi, na bei yake wallahi ningepata fungu zima la embe na nauli ya kurudia. Namuuliza kijana, zimeiva hizi? Ananambia mzee, hizi zimekuja na boti ya asubuhi kutoka bara. Kwani boti ndo inaivisha?

Mie nikajifanya mjanja, nikachagua zenye weupe weupe shingoni, nikasema hizi zitadumu, nitazivundika. Nikazifukia kwenye pipa la mchele kama tunavyofanya embe.

Siku ya tatu mama mkwe kaja, mke wangu anachota mchele wa biriani, nikasikia ukelele mpaka jirani kachungulia. Zimeota ndevu! Tena za kijivu, kunshinda mie. Na ule weupe wa shingoni upo vilevile, haujasogea hata chembe.

Ndo nikasomeshwa mbele ya mkwe: stroberi ikishachumwa haiivi tena, baba, utaivundika mpaka Idi, kwa hiyo unatafuta iliyo nyekundu mpaka chini ya majani, na hayo majani yawe mabichi yasiwe yamesinyaa, halafu kiboksi unakigeuza kwa sababu nzuri zote wamezipanga juu, ukiona maji mekundu kule chini ujue za ndani zishapondeka, na ukileta nyumbani usizioshe mpaka wakati wa kula. Na kunusa unaweza, kiboksi kina matundu. Matundu! Mie nimeyaona yale nikadhani pambo.

Basi jana nimerudi. Cha kwanza nikageuza, kinachuruzika. Cha pili majani makavu kama ugoro. Cha tatu nikakiweka puani, nikafumba macho, kijana akanambia mzee, hilo si doriani, watu wanangoja.

Nimenunua embe. Keki imetoka ya embe, na binti kaninunia mpaka sasa hivi.