Fundi wa laini za stima Mombasa: aanzie chuo au aanzie nguzo?

Kijana wa Kisauni au Likoni aliyemaliza kidato cha nne na anataka kazi ya laini za stima hupewa ushauri wa aina mbili. Wazazi humwambia aende chuo: Kenya Coast National Polytechnic, au Technical University of Mombasa ikiwa alama zinatosha. Wenye kazi zao humwambia aingie kwa kontrakta, achimbe mashimo, avute kamba, ajifunze kwa macho. Kila upande una hoja nzito, na kila upande una pengo ambalo watetezi wake huliruka.

Tuanze na chuo, kwa sababu Pwani ndiko hoja ya chuo ina nguvu zaidi. Hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi hutua juu ya vikombe vya nguzo, vile vinavyoshika waya ili stima isiingie kwenye mti. Miezi ya kiangazi mvua hainyeshi ya kuviosha. Alfajiri umande ukilowesha ile chumvi, stima huanza kutambaa juu ya kikombe, na mwishowe mti wa juu wa nguzo unaungua, ilhali hakuna waya uliokatika. Dawa yake ni hesabu: mahali penye chumvi nyingi, kikombe kinatakiwa kiwe na njia ya uso, yaani umbali ambao stima ingelazimika kutambaa juu yake, ya milimita 31 kwa kila volti 1,000. Laini ya volti 33,000, ambayo kwa juu kabisa huhesabiwa 36,000, inahitaji karibu milimita 1,116. Mahali pa bara pasipo uchafu mwingi, milimita 20 kwa kila volti 1,000 zinatosha, yaani 720 tu. Vikombe hivyo viwili vinaweza kulala stoo moja. Aliyejifunza kwa kuiga atachukua kilicho karibu na mkono.

Klampu, yaani vibanio vya kuunganishia nyaya, nazo ni hivyo hivyo. Waya wa alumini ukibanwa moja kwa moja na wa shaba, unyevu wa chumvi unaila alumini; kiungo kinalegea, kinapata moto, na nyumba za mwisho wa laini zinaona taa zikififia kila jioni. Inatakiwa klampu ya madini mawili, waya usuguliwe kwa brashi ya chuma, upakwe grisi, ndipo boliti ikazwe. Kibarua anaweza kuona haya yakifanywa mara mia na bado akaruka brashi siku ana haraka, kwa kuwa hakuna aliyemweleza sababu.

Basi chuo kinashinda? La. Karakana nyingi za vyuo zimepangwa kwa wiring ya nyumba, mota na paneli. Mwanafunzi anatoka akijua transfoma kwa mchoro, kisha miezi michache ya kujifunza kazini inamwangukia stoo au kwenye mita. Anapata cheti kabla hajakaa juu ya nguzo kutwa nzima. Chuo cha Kenya Power chenyewe kiko Ruaraka, Nairobi, na anayetoka Mombasa anaongeza nauli na kodi ya chumba juu ya karo. Elimu bila amali, na amali hii ina urefu wa mita kumi na zaidi.

Yako mambo ambayo kundi la kazi pekee ndilo linaloyafundisha vizuri. Nguzo ya mita 12 hufukiwa kama mita 1.8: sehemu ya kumi ya urefu wake, ongeza sentimita 60. Kwenye mchanga wa Shanzu shimo hilo linabomoka. Kwenye mwamba wa matumbawe linakula siku nzima, na hapo ndipo msimamizi mvivu huridhika na mita moja na nusu. Upepo wa kusi hauridhiki. Kisha kuna kupima nguzo kabla ya kupanda: igonge kwa nyundo kuizunguka, sikiliza kama inatoa sauti nzito isiyo na mwangwi, dalili ya uozo, fukua sentimita 30 chini ya usawa wa ardhi na udunge kwa bisbisi, maana uozo na mchwa huanzia pale. Ukiwa na shaka, ifunge kamba pande zote kabla ya kukata waya wowote. Nguzo mbovu mara nyingi husimamishwa na nyaya zenyewe. Ukizikata ukiwa juu, unaanguka nayo.

Lakini kundi hurithisha na mabaya yake. Mfano mmoja tu, wa jenereta. Stima imepotea Nyali, jengo kubwa limewasha jenereta, swichi ya kubadilisha kati ya laini na jenereta ni mbovu au haipo. Volti 415 zinarudi kwenye transfoma kinyumenyume na kutoka upande wa pili zikiwa 11,000. Fundi aliyefungua fyuzi upande stima inakotoka tu anaamini laini imekufa. Utaratibu ni mrefu kwa sababu hii: fungua pande zote stima inakoweza kuingilia, funga kwa kufuli na kibao, jaribu kipimo kwenye laini iliyo hai, pima laini ya kazi, kisha rudi ukijaribu kipimo tena usije ukawa umepima kwa kipimo chenye betri iliyokufa. Halafu ungia laini ardhini kwa waya mnene pande mbili za mahali pa kazi. Glavu za mpira za daraja la 0 zina kikomo cha volti 1,000, kwa hiyo kuzivaa kwenye 11,000 ni kujidanganya. Katika kundi lisilofuata haya, kijana hufundishwa kwamba anayepima mara mbili ni mwoga.

Kuna pia suala la karatasi. Aliyeanzia kwa kontrakta anaweza kufanya majaribio ya NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, gredi ya III hadi ya I, na hapo ujuzi wake unatambulika. Leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli, ya fundi wa wiring ni jambo lingine, ingawa mtaani huchanganywa: hiyo ni ya kazi za ndani ya jengo.

Marekani wanaanza na shule ya laini ya wiki chache, muda mwingi ukiwa uwanjani kwenye nguzo, kisha uanagenzi wa saa zipatazo 7,000 chini ya fundi mkuu. Hapa kwetu mizani inaelemea kwenye darasa au kwenye kibarua, na uanagenzi wenye saa zinazoandikwa ndio uliokosekana. Kwa anayetaka kazi ya kupanda nguzo, sisi tungemshauri cheti cha ufundi, kinachopokea hata mwenye alama ya D, kabla ya diploma inayodai C- na inayomsogeza zaidi kwenye usimamizi. Asiye na karo aanze na kontrakta, mradi aandike kila kazi na msimamizi atie sahihi. Kabla ya kulipa au kukubali, aulize mambo mawili: chuo kina nguzo ngapi uwanjani za kupandwa na wanafunzi, na kontrakta huyo ana seti ngapi za nyaya za kuungia laini ardhini kwa kila gari.