Mbawakawa hula mbegu za magugu, lakini je, wanapunguza magugu?

Usiku wa kiangazi, katika shamba la ngano Uingereza, mbawakawa mweusi mwenye miguu myekundu hutoka chini ya bonge la udongo. Wataalamu humwita Harpalus rufipes, na urefu wake ni sentimita moja na ushei. Akikuta mbegu huigeuzageuza kwa taya mpaka ganda lipasuke, akala kiini na kuacha makapi. Buu wake naye huburuta mbegu hadi shimoni mwake na kuziweka akiba. Hilo halina ubishi. Ubishi upo kwenye msimu unaofuata: je, mkulima atapalilia kidogo?

Wanaosema ndiyo wana hoja nzito. Mwaka 2011 mtafiti David Bohan na wenzake walichapisha uchambuzi wa mashamba 257 ya Uingereza, wakitumia takwimu zilizokusanywa awali kwa ajili ya majaribio ya mazao yaliyobadilishwa vinasaba. Mbawakawa walipokuwa wengi, akiba ya mbegu za magugu udongoni haikuongezeka sana. Ni uhusiano wa takwimu, si jaribio la moja kwa moja. Hata hivyo mimi nauheshimu, kwa sababu ulitazama mbegu zilizobaki.

Tafiti nyingi hutazama zilizoliwa tu. Mbegu hubandikwa kwa gundi kwenye kipande cha msasa, msasa ukalazwa shambani chini ya kizimba kidogo cha waya kinachozuia panya na ndege, kisha baada ya siku chache zinahesabiwa zilizotoweka. Njia hii ni nafuu, na inafaa kulinganisha shamba na shamba. Tatizo ni kwamba mbegu za msasani zimeandaliwa kama chakula mezani. Mbegu ya kawaida huanguka, ikaingia kwenye ufa au ikafukiwa na mvua, na mdudu akaikosa.

Tena gugu moja la mpopi humwaga maelfu ya mbegu. Tuseme nusu zimeliwa. Miche inayoota kwenye nusu iliyobaki inapata nafasi, mwanga na mbolea zaidi, inanenepa, na kila mmoja unazaa zaidi. Mwisho wa msimu shamba linaweza kuonekana vilevile, ingawa mbawakawa walikesha kazini. Hoja hii ndiyo inayonizuia kukubaliana na wanaotaka dawa za magugu ziachwe kwa kumtegemea mdudu.

Na mdudu mwenyewe hana upande. Huyuhuyu Harpalus hutoboa stroberi akitafuta mbegu zake, na wakulima wa tunda hilo humhesabu kuwa mharibifu.

Msomaji wa Afrika Mashariki atauliza kuhusu kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi. Mbawakawa huchagua mbegu kulingana na ukubwa wa mwili wao, wakubwa wakipendelea kubwa. Mbegu ya kiduha ni kama vumbi, kwa hiyo nisingehamisha matokeo ya Ulaya moja kwa moja hadi kwenye mahindi yetu.

Bado naona kuna jambo la kufanya sasa. Kuchelewesha kulima baada ya mavuno huziacha mbegu juu ya ardhi, mdudu anapoweza kuzifikia, na ukanda wa nyasi kando ya shamba humpa pa kujificha. Kwa watafiti, ningependa kuona vipande vya shamba vilivyozungushiwa uzio usiopitisha mbawakawa, vikiachwa misimu mitatu au minne, kisha ihesabiwe miche iliyoota ndani na nje ya uzio.