Mungu Amesema Nami: Ukaribu na Mungu katika Malindi ya Baada ya Shakahola

Hapa Malindi, mtu akisema "Mungu amesema nami" siku hizi hutazamwa mara mbili. Ilianza Aprili 2023, polisi walipoingia msitu wa Shakahola na kuanza kufukua makaburi ya wafuasi wa mhubiri mmoja. Mpaka kazi hiyo inakwisha, ilikuwa imetolewa miili zaidi ya 400, wengi wakiwa wamekufa kwa njaa, watoto wakiwemo. Tangu hapo kijana akianza kufunga, mamake huingiwa na wasiwasi. Mke akienda kesha kila Ijumaa, mume huuliza ni kesha la nani. Na ndani ya makanisa yetu kumezuka mvutano juu ya jambo ambalo zamani hakuna aliyelitilia shaka: je, ni salama Mkristo kuutafuta uso wa Mungu yeye mwenyewe, faraghani, na kuamini kwamba atajibiwa?

Wako wanaosema si salama, na hoja yao haiwezi kupuuzwa. Moyo wa mtu hujidanganya. Hofu husema, tamaa husema, njaa nayo husema, na kila moja inaweza kujivika jina la Bwana. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba manabii wanene wawili au watatu, "na wengine wapambanue." Yohana naye alionya: "Msiiamini kila roho, bali zijaribuni hizo roho." Ndiyo maana wenzetu Wakatoliki wanashikilia sana jumuiya ndogondogo zinazokutana nyumba kwa nyumba. Ukipotea, kuna mtu atakayebisha hodi akujulie hali. Mtu aliyejifungia peke yake na maono yake hana wa kumbishia hodi.

Upande wa pili una andiko lake pia, tena la Yesu mwenyewe: "Ingia katika chumba chako cha ndani, na ukiisha kufunga mlango wako, usali mbele za Baba yako aliye sirini." Huku kwetu wengi hawana hicho chumba cha ndani. Familia nzima inalala katika chumba kimoja cha kupanga, kwa hiyo mtu huamka kabla ya adhana ya alfajiri, akaketi nje kwenye kibaraza na leso mabegani, akasali kwa kunong'ona wengine wakiwa bado usingizini. Kumwambia mtu huyo kwamba sala yake ina hatari, na kwamba angoje Jumapili aongozwe, ni kumnyang'anya kitu alichopewa na Kristo.

Naegemea upande huu wa pili, na sababu yangu inatoka Shakahola kwenyewe. Kwa mujibu wa mashtaka dhidi ya mhubiri Paul Mackenzie, ambayo ameyakana, wafuasi waliambiwa wafunge mpaka kufa ili wakutane na Yesu. Watu walihamia msituni kutoka pembe mbalimbali za Kenya. Ni vigumu kuamini kwamba kila mmoja alipata ufunuo wake sirini, na zote zikaafikiana juu ya msitu ule ule na mauti yale yale. Kama mashtaka hayo ni kweli, watu wale walisikiliza kinywa kimoja. Pale palipopaswa kuwa na sauti ya Mungu ndani ya mtu, palikaa sauti ya mtu mwingine, na hakubaki hata mmoja wa kuihoji. Watu wa Beroya walimsikiliza Paulo, mtume mzima, kisha wakarudi kuyachunguza maandiko kila siku waone kama asemayo ndivyo yalivyo. Nao wanasifiwa kwa hilo.

Tabia hiyo ya kumwachia mtumishi kila kitu haikuishia msituni. Tunayo mjini. "Mtumishi, niombee." "Mtumishi, niambie Mungu anasemaje kuhusu ndoa yangu." Wako watu wazima ambao hawajawahi kusali juu ya kazi yao wala mtoto wao bila kumpigia mtu simu kwanza, na mara nyingi simu hiyo hufuatwa na sadaka kwa M-Pesa.

Hata hivyo siwezi kuwaambia watu wajifungie tu na Mungu wao. Nilikuwa katika ushirika wa nyumbani, Maweni, mama mmoja kijana aliposema Mungu amemwagiza amtoe mwanawe shule. Pakawa kimya. Hakuna aliyetaka kupinga kauli ya Mungu. Bibi mmoja wa Kigiriama, mzee kuliko sote, akamuuliza taratibu: "Hebu nambie, mwanangu. Ulikuwa umekula?" Yule mama alikuwa katika siku ya nne ya mfungo. "Na babake mtoto umemwambia?" Hajamwambia. Bibi akamshika mkono: "Basi kale kwanza, ulale. Kama ni Mungu, kesho atakuwepo."

Bibi hakumwambia kwamba Mungu hasemi. Nadhani alikuwa anamfuata malaika aliyemkuta Eliya chini ya mretemu. Neno la kwanza lilikuwa "Inuka, ule." Eliya alikula, akalala, akala tena, na sauti ndogo ya utulivu ikaja baadaye, huko Horebu. Kufunga ni kwema, Bwana wetu mwenyewe alifunga. Lakini mfungo unaomkataza mtu kuulizwa swali, huo nauogopa.

Mfano ninaotamani wachungaji wetu wauhubiri zaidi ni wa Samweli na Eli. Mtoto aliitwa usiku, akamkimbilia kuhani akidhani ndiye. Mara tatu. Eli angeweza kusema: nitakusikilizia mimi. Badala yake alimrudisha kitandani na kumfundisha cha kujibu: "Nena, BWANA, kwa kuwa mtumishi wako anasikia." Asubuhi akamtaka amwambie yote bila kuficha. Nayo yalikuwa hukumu juu ya nyumba yake mwenyewe Eli, naye akayapokea. Kuna wachungaji wangapi hapa pwani wanaoweza kumfundisha muumini kumsikiliza Mungu, huku wakijua kwamba Mungu anaweza kusema juu yao?

Linabaki jambo moja ambalo wenye rai yangu hulipita haraka. Tunasema "jisomee Biblia mwenyewe" kana kwamba kila mtu anaweza. Kule bara, kuelekea Magarini na Ganze, wako wazee wengi wasiojua kusoma, na Neno huwafikia tayari limechanganywa na maelezo ya msomaji. Kwao, msomaji ndiye mlango, na anayeshika mlango anaweza kuufunga. Ushirika wetu umeanza kufanya hivi: sura husomwa yote, kwa sauti, na kijana wa sekondari, kisha hurudiwa, kabla mtu yeyote hajaruhusiwa kueleza. Wazee ndio husema wa kwanza walichosikia. Mchungaji akiwepo, husema mwisho.