Malaika Alileta Mkate, Sisi Tunaagiza Mfungo

Binti wa miaka 15 kasimama mbele ya kanisa zima, kavuta mkono wa sweta mpaka vidole havionekani. Wamemwombea kwa sauti, jina likitajwa, shida yake ya huzuni ikitajwa, kisha kiongozi akamsogezea kipaza sauti: "Sema, nimepona!" Akasema. Mbele ya umati ule angesema nini kingine? Makofi, vigelegele, ibada ikaingia kwenye matangazo.

Mimi ni muumini, tusije tukaanza kuelewana vibaya. Naomba, na ninaamini Mungu anasikia. Lakini nilitoka pale nimekasirika hasa, kwa sababu tulichomfundisha yule mtoto ni kwamba kanisani ndiko mahali pa kuficha hali yako. Kesho akiamka na uzito uleule kifuani, atamwambia nani? Ushuhuda ameshautoa. Akirudi kusema bado, itakayohojiwa ni imani yake. Maombi yetu hayahojiwi kamwe.

Hebu tusome Biblia tunayoipigia kelele. 1 Wafalme 19: Eliya, aliyeshusha moto mlimani Karmeli juzi tu, yuko jangwani chini ya mti wa mretemu anamwomba Mungu aiondoe roho yake. Nabii huyo, si mtoto wa darasani. Na malaika hakuja na mahubiri. Alimgusa, akamwambia ale. Mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya akala, akanywa, akalala tena, na malaika akarudi mara ya pili na maneno yaleyale: inuka, ule. Sisi kijana hali vizuri, tunamwandalia mfungo. Halali usiku, tunamleta kwenye mkesha. Sijui huduma hii tumeitoa wapi, maana kwenye sura hiyo haimo.

Halafu kuna sehemu ambayo wahubiri wengi huiruka wakikimbilia ile sauti ndogo ya utulivu. Pale mlimani Horebu Mungu anamuuliza Eliya anafanya nini pale. Eliya analalamika: nimebaki peke yangu, wananitafuta waniue. Upepo unapita, tetemeko, moto, sauti. Mungu anauliza tena swali lilelile, na Eliya anarudia malalamiko yake karibu neno kwa neno. Baada ya yote yale! Mungu hakumwambia "hilo si tulishaliombea?" Alimsikiliza mara zote mbili, akampa kazi, akampa na Elisha wa kufuatana naye. Mzazi aliyeishi na kijana mwenye huzuni anajua kurudiarudia huko kunavyochosha. Kunachosha kweli, sikatai. Lakini kijana anaporudia jambo, bado anaongea na wewe. Akinyamaza ghafla na kuanza kujibu "niko sawa, namshukuru Mungu" kwa kila swali, hapo ndipo pa kuogopa.

Wapo viongozi wa vijana wanaokaa na mtoto saa nzima bila kufungua kinywa ila kuuliza kama amekula. Hao Mungu awabariki, na kwa kawaida hawapewi kipaza sauti.

Mnaosema "ni simu tu": huenda simu inachangia, ila Eliya hakuwa nayo. Mnaosema kwenda kwa daktari ni kukosa imani: vueni miwani kwanza. Luka alikuwa tabibu, na Paulo anamwita mpendwa. Shirika la Afya Duniani linasema kijana mmoja kati ya saba wa umri wa miaka 10 hadi 19 anaishi na tatizo la afya ya akili. Hesabuni safu za vijana ibadani, msiniulize mimi ni akina nani.

Na akikwambia anatamani kufa, usimjibu kwamba kusema hivyo ni dhambi. Muulize waziwazi kama amefikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Vidonge na vitu vya hatari viondolewe karibu naye, asiachwe peke yake, na msingoje Jumapili. Mtu mzima mmoja anayemwamini ampeleke hospitali siku hiyohiyo, na kama ni kuomba, aombe njiani.