Wanatutazama machoni
Wahariri, asanteni kwa makala yenu ya picha za Zanele Muholi, mpiga picha wa Afrika Kusini, ambaye tangu 2006 anawapiga picha wasagaji weusi na watu waliobadili jinsia, wengi wao vijana. Nimezoea kuona vijana wa LGBTQ (wasagaji, mashoga, waliobadili jinsia na wengineo) magazetini wakiwa wamezibwa nyuso kama wahalifu. Hapa mtu yuko peke yake, picha nyeusi na nyeupe, macho kayakaza kwenye kamera. Wengine hupigwa tena baada ya miaka, unaona kabisa walivyokua. Na kwenye maonyesho huachwa nafasi tupu ukutani kwa ajili ya waliofariki. Hizo nafasi zimeniliza. Wahariri, safari nyingine tuwekeeni na maneno yao wenyewe chini ya kila picha, tafadhali.